Limao Kwenye Marumaru

...na sasa mwenzake anangoja jibu kwenye simu kule Mtawanya, na Mwanakombo amepiga magoti sebuleni kwake Rahaleo, kitambaa kibichi mkono huu, simu mkono ule, anabembelezwa na mke mwenzake, Farida, yule, mke mdogo, yule ambaye tangu aolewe hajawahi kumpigia ila sikukuu, na leo kapiga mchana kweupe, "dada, samahani, bibo limepasuka sakafuni, limeacha doa, nimeshakata limao, nipakae na chumvi au limao tupu?"... hilo tu, swali la jikoni, na jibu lake ni neno moja, pakaa, basi, hata si uongo wa kumpeleka mtu motoni, nani hapa Mtwara hajui kwamba mikono ikigandwa na utomvu wa mabibo ya mikorosho inasuguliwa kwa limao, atamlaumu nani?, lakini hii si mikono, hii ni marumaru, jiwe lenyewe, si vigae, na jiwe hili likionja uchachu linaliwa juu, mng'ao unakufa hapohapo, panabaki pamepauka kama jicho lenye mtoto wa jicho, sugua usisugue, lia usilie, mpaka aje fundi na mashine... na jioni hii ni zamu ya Mtawanya, Hemedi, mume wao, ataingia, atavua viatu mlangoni, ataona.

"Dada, upo? Au mtandao?" Yupo, aende wapi, yupo na roho yake inaruka kama mafuta ya moto, kwa nini Farida naye alitandikiwa marumaru, kwa nini?, msimu ule korosho zilipofanya vizuri lori lilishusha mawe hapa Rahaleo peke yake, wanawake wa mtaa wakaja, wakavua kandambili bila kuambiwa, mmoja akalala kabisa akaweka shavu chini, akasema jamani baridi ya peponi hii, na Mwanakombo akajiona mtu, akajifunza kulilea jiwe kama mtoto mchanga, mchanga wa mlangoni kwanza ufagiliwe kwa ufagio laini maana punje moja inachora, halafu maji ya vuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, halafu ukaushe upesi, usiyaache maji yakauke yenyewe, haya maji yetu ya kisima yana chokaa, yanaacha madoadoa... kisha bwana akaoa, akajenga Mtawanya, akatandika jiwe lilelile, na sasa yule mwenye vidole vya hina anataka kufundishwa bure, sema pakaa, Mwanakombo, sema, atajua mwenyewe na mumewe... mumewe, si wako pia?

Na zulia je? Hapo pembeni ya kochi kubwa, zulia jekundu ambalo halijasogezwa tangu liwekwe, Hemedi akisema tulihamishie dirishani yeye husema hapana, miguu yangu inataka joto hapa, kwa sababu chini yake pana duara limepauka, limao na chumvi, naye bibo lilimpasukia vilevile, siku ile hakuwa na wa kumuuliza, alisugua akiwa na furaha kabisa, akiona doa linaondoka, akasuuza, akakausha, akainama kutazama mwanga wa dirisha juu ya jiwe na mwanga ukaishia pale kwenye duara, akasugua tena, akalia, mwanamke mzima analilia sakafu, akakokota zulia, na tangu siku hiyo, mume akiwa ndani, yeye hukaa juu ya lile zulia kama kuku anayeatamia.

"...nakuomba dada, hata kama una hasira na mimi," sauti ya Farida inarudi, nyembamba, "maana aliniambia jiwe hili likipata doa nitarudi kwetu Mikindani na begi langu, alikuwa anacheka, lakini dada, haukuwa utani..."

Na begi langu. Na begi lako, hivyohivyo, Hemedi alisema hapa, mbele ya wageni, jiwe hili likipata doa utarudi kwenu na begi lako, wageni wakacheka, Mwanakombo naye akacheka, akaenda jikoni kupakua wali, akasimama akiwa ameshika mwiko hajui anafanya nini, na miaka yote hii akayabeba maneno yale kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo chake, kwamba ni yeye, ni ulimi wake mkali, ni uzembe wake, mwanamke mpole asingeambiwa hivyo, mwanamke mwenye vidole vya hina asingeambiwa... na huyu hapa, mpole, hina yake mikononi, ameambiwa, amepiga magoti vilevile, mtoto wa watu, hana pa kuuliza ila kwa adui yake, na amethubutu kuuliza, jambo ambalo Mwanakombo hakuthubutu hata kwa mama yake mzazi. Maji ya kitambaa yanamtiririka kiganjani, yanadondoka juu ya jiwe, yatakauka, yataacha chokaa, anayatazama tu wala hayafuti... lini aliacha kutembea ndani ya nyumba hii, akaanza kunyata?

"Dada? Limao ninalo mkononi, niambie."

"Nipo, mdogo wangu," anasema, na mwenyewe anashtuka, neno hilo hajawahi kumwita, "liweke chini hilo limao," na hasira iliyokuwa ikienda Mtawanya miaka yote imebadili njia, inamngoja Hemedi.