Bi Kola Anataka Mlango Ufunguliwe

Jumanne saa kumi na robo jioni, meza za kantini ya kiwanda cha mashati zilikuwa zimeshafutwa, na mwalimu wa Kihispania alikuwa anaita majina. Darasa lilikuwa na wanawake thelathini na wanane, wote washonaji wa ghorofa ya pili, na wote walikuwa na vipande vya uzi kwenye nywele. Alipomaliza orodha, sauti ya thelathini na tisa ikasema, "Na mimi nipo, Mwalimu." Alikuwa Bi Kola, aliyefariki miezi saba kabla. Alikaa meza ya pili karibu na dirisha, pembeni ya mdogo wake, akafungua daftari pale alipokuwa ameishia, somo la kumi na tisa.

Mwalimu akaongeza jina lake kwa kalamu. Mikono ya blauzi ya Bi Kola ilikuwa na masizi mpaka viwikoni, kwa hiyo mdogo wake akamtandikia gazeti juu ya meza.

"Umekonda, Dada," akamwambia.

"Niliacha kula," akajibu Bi Kola, na somo likaendelea.

Kesho yake ofisa utumishi alikuja kuuliza. Alikuwa mtu wa tai fupi na maelezo marefu. Akasema kozi ni ya wafanyakazi walio kazini tu, na kwamba hana kinyongo na mtu, ila utaratibu ni utaratibu. Bi Kola akamwambia aende getini akatazame kadi yake. Akaenda. Kadi ilikuwa imegongwa kuingia saa moja na dakika mbili asubuhi, siku ya moshi, na haikugongwa kutoka. Kwa mujibu wa mashine ya kadi, Bi Kola alikuwa zamu kwa miezi saba mfululizo. Ofisa akakuna kichwa, akatia saini, akamkumbusha tu kwamba zile dakika mbili ni uchelewaji.

Hiyo siku ya moshi haina mengi ya kueleza. Feni ya ghorofa ya pili iliungua, marobota ya pamba yakashika, watu wakakimbilia ngazi za mbele. Mashine ya kushonea kola ilikuwa mwisho kabisa wa ukumbi, hatua sita kutoka mlango wa nyuma, kwa hiyo Bi Kola akaenda mlango wa nyuma kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili timamu angefanya. Mlango ulikuwa na kufuli. Uongozi ulilitia ili wafanyakazi wote watokee mbele wapekuliwe, isije shati likatoka limevaliwa chini ya gauni. Walimkuta pale pale, mkono ukiwa juu ya komeo. Kwenye faili lake wakaandika: "Aliacha mashine bila ruhusa." Jamani! Mtu anafia kazini na bado anaandikwa mtoro.

Na si kwamba hakusema. Alipokuwa hai alipeleka barua tatu kuhusu mlango ule, na zote tatu zilirudi na mhuri mmoja: malalamiko yaandikwe kwa lugha ya ofisi kuu. Tangu kiwanda kiuzwe, ofisi kuu ilikuwa ng'ambo na ilizungumza Kihispania. Ndiyo sababu kozi ilipotangazwa Bi Kola alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Baada ya wiki chache alikuwa anaweza kueleza mambo jinsi yalivyo, akaandika: *La puerta está cerrada*, mlango umefungwa. Jibu lilikuja upesi kuliko kawaida. "Ni kweli," ofisi kuu iliandika. "Asante kwa taarifa."

Akamwendea mwalimu na barua mkononi. Mwalimu akaisoma, akamwambia kosa si lake. Alichoandika kilikuwa habari, na habari wanazo. Namna ya kumtaka mtu afanye jambo ilikuwa mbele kwenye kitabu, somo la ishirini na nne, avute subira. Moshi ulimkuta kwenye somo la kumi na tisa, na kozi ikasimama hapo miezi saba.

Sasa alikuwa amerudi, na aliyebaki na la kusema ni mdogo wake tu. Alimsubiri mpaka wenzao wakatoka kantini.

"Dada, tulikulilia siku arobaini. Kwa nini hupumziki?"

"Nitapumzikaje na wewe wamekukalisha kwenye mashine yangu?"

 Ni kweli walimkalisha mdogo mtu pale, wiki ile ile ya msiba, kwa sababu mkono wake na wa dada yake ulishona kola namna moja. Kila asubuhi alikuwa anakaa hatua sita kutoka kwenye kufuli, na kila asubuhi alikuwa analitazama kabla ya kuwasha mashine. Hakuwahi kumwambia mtu. Alikuwa anaogopa kufa, na alikuwa anaogopa kufukuzwa, na hofu ya pili ndiyo iliyokuwa inamnyamazisha.

Somo la ishirini na nne lilifika siku ya mvua. Mwalimu alifuta ubao mara mbili kabla ya kuanza, maana alijua nani anamtazama.

"Mpaka leo tumesema yaliyopo," akasema. "Leo tunasema yasiyopo bado. Tunayoyataka, tunayoyaogopa, tunayoyatilia shaka. Kitabu kinaita *subjuntivo*. Jina lisiwatishe, kitu chenyewe mnacho tangu utotoni. Mama yako akisema 'nataka uoge', wakati huo umeshalowa?"

"Bado!" darasa likajibu.

"Na wengine hawaogi mpaka leo," akasema fundi wa vifungo, mwanamke mnene aliyekaa nyuma, na watu wakacheka.

"Basi ni hiyo hiyo. Sisi tunasema oga, uoge. Fungua, ufungue, tunamalizia na *e*. Wao wanabadilishana. Kitenzi cha *-ar* kinachukua *e*, cha *-er* na *-ir* kinachukua *a*. Chukueni *abro*, nafungua. Toeni *o*, bandikeni *a*. *Abra*. Wanaoambiwa wakiwa wengi, *abran*."

Akaandika ubaoni: *Quiero que abran la puerta.* Nataka mfungue mlango.  Bi Kola aliinakili polepole, kwa mwandiko wa mtu anayepima kitambaa kabla ya kukata, na masizi yakabaki pembeni ya kila mstari.

"Na kutoka, Mwalimu?" akauliza. "Nikitaka mtu fulani atoke?"

"*Salir*. Huyu ana ukaidi kidogo. *Salgo*, natoka. Ile *g* haibanduki, inaenda nayo: *salga*."

"King'ang'anizi kama ofisa utumishi," akasema fundi wa vifungo. Kisha akanyoosha mkono, akajaribu sentensi yake mwenyewe, ya shaka: "*Dudo que abran.*" Nina shaka kama watafungua.

"Sahihi kabisa," akasema mwalimu. "Kwa bahati mbaya."

Bi Kola hakuwa na haja ya usingizi, kwa hiyo aliendelea haraka kuliko wenzake. Katika wiki mbili alijaza madaftari matatu. Alijua *haya* ya kuwepo, alijua *sea* ya kuwa, alijua *tenga* ya kuwa na kitu, alijua kwamba baada ya *para que*, yaani ili, na *antes de que*, yaani kabla, lazima kitenzi kigeuke. Mdogo wake alimsahihishia wakati wa mapumziko, na walibishana kama zamani, mpaka mdogo mtu akasahau kidogo kwamba anabishana na maiti. Mwisho wa wiki ya pili sentensi ilikuwa tayari: *Quiero que abran la puerta para que mi hermana salga antes de que haya humo.* Nataka mfungue mlango ili mdogo wangu atoke kabla moshi haujatokea.

Mkurugenzi mkuu alifika Alhamisi kutoka ng'ambo. Walimpitisha ghorofa ya pili, akagusa vitambaa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alipofika mwisho wa ukumbi, Bi Kola alikuwa amesimama mbele ya mlango wa nyuma, nywele zimesukwa vizuri, mikono imenyooka. Mashine zikanyamaza moja baada ya nyingine. Bi Kola akasema sentensi yake yote bila kukwama, akimtazama machoni.

Mkurugenzi akamsikiliza mpaka mwisho, akapiga makofi.

"*¡Muy bien!*" akasema, akamgeukia ofisa utumishi na kumuuliza kozi imeanza lini, maana matokeo yanaonekana. Akataka kupiga picha na mwanafunzi. Kwenye picha ile Bi Kola hakutokea vizuri, ila mlango na kufuli vilitoka safi sana. Halafu mkurugenzi akaomba aandikiwe sentensi ile kwenye karatasi, na Bi Kola akaiandika papo hapo, akaweka tarehe na saini. Mdogo wake alimwona akiikabidhi kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akawasha mashine bila kulitazama kufuli.

Karatasi ilirudi baada ya siku nne. Haikurudi kwa Bi Kola, ilirudi kwa mwalimu, na juu yake pameandikwa kwa wino mwekundu: "Isahihishwe na kupewa alama." Tangu mkurugenzi aisifu kozi, ofisi kuu ilikuwa na faili moja tu kwa maandishi ya Kihispania yanayotoka kiwandani, nalo ni faili la kozi. Malalamiko ya Kiswahili hayakusomwa kwa sababu ni ya Kiswahili, na ya Kihispania yalihesabiwa kuwa mazoezi.

Mwalimu alikaa na karatasi ile kantini, peke yake, chai ikapoa. Alikuwa amefundisha miaka kumi na sita na hajawahi kuaibishwa na sentensi isiyo na kosa. Akaandika chini yake: "Hakuna cha kusahihisha hapa. Cha kusahihisha kiko ghorofa ya pili, mwisho wa ukumbi, na kina kufuli." Ikarudi keshokutwa yake. "Alama tafadhali," ofisi kuu iliandika.

Aliposomewa hayo, Bi Kola hakulia wala hakupiga meza. Aliuliza tu kama kitabu kina somo jingine mbele la kutaka, kali zaidi. Mwalimu akasema hakuna. Kwenye kutaka alikuwa amefika mwisho wa lugha.

"Basi tatizo si lugha," akasema Bi Kola.

"Si lugha," mwalimu akakubali.

"Basi waandike wote."

Wakaandika wote thelathini na tisa, kila mmoja kwa mkono wake, na kila mmoja akaweka mtu wake. Fundi wa vifungo aliandika ili binti yake atoke. Mwenzao mmoja, mkataji wa vitambaa, aliandika ili yeye mwenyewe atoke, hana mtu mwingine. Zikaenda kwenye bahasha moja nzito, na kilichorudi ni sanduku la vyeti vyenye ukingo wa dhahabu. Darasa zima limefaulu. Ofisa utumishi alivigawa Ijumaa mchana kwenye kantini, akasoma na cha Bi Kola kwa sauti, akatamka "marehemu" mbele ya jina lake kwa heshima zote. Alikuwa mtu wa adabu, hilo hawezi kunyimwa.

Bi Kola akapokea cheti, akakikunja mara nne, akapanda nacho ghorofa ya pili, akakisokomeza chini ya mguu wa mashine ya mdogo wake, ambayo ilikuwa inayumba. Kengele ya saa kumi ikalia. Siku zote kengele ile ikilia watu huteremka ngazi za mbele kwenda kupekuliwa. Siku ile Bi Kola akaenda mlango wa nyuma, akasimama. Mdogo wake akamfuata, kisha fundi wa vifungo, kisha wengine, mpaka foleni ikafika katikati ya ukumbi. Wakasema sentensi yao kwa pamoja. Waliposema mara ya nne, ofisa utumishi akapanda mbio.

"Bi Kola," akasema, anahema, "wewe una uwezo wa kupita ukutani. Walinzi wamekuona ukipita. Mlango wa nini tena?"

"Mdogo wangu hapiti ukutani," akasema Bi Kola.

Ofisa akasema atalifikisha suala hilo ofisi kuu. Akalifikisha. Jumatatu, ofisi kuu iliagiza kufuli la pili, kubwa, la shaba, kwa sababu walinzi waliripoti kwamba lile la kwanza linatikiswa. Mlinzi akalifunga pale pale mbele yao, akaomba radhi, akarudi getini. Ratiba mpya ikabandikwa ubaoni, imechapwa vizuri: *saa kumi hadi saa kumi na nusu, mazoezi ya kuzungumza, mlango wa nyuma*. Uongozi haukumkataza mtu. Watu walikuwa wameshazoea, hata sauti ya mtu aliyekufa haikuwa inamsumbua yeyote kazini.

Siku hiyo kengele ilipolia, Bi Kola hakutangulia. Alimwachia mdogo wake nafasi ya mbele, akasimama nyuma yake, mkono wenye masizi begani kwake. Mdogo mtu akayatazama makufuli yote mawili. Alikuwa na hasira, na hasira ilikuwa imeichukua nafasi yote iliyokuwa ya hofu. Akavuta pumzi.

"*Quiero que abran*," akaanza, na nyuma yake ukumbi mzima ukaitikia.

Mlango haukufunguliwa. Wakarudia.