Nukta ya Arobaini na Tatu

Kwa miaka ishirini na sita nimekaa kwenye meza ya bawabu wa Idara ya Lugha za Kirumi: Kiitalia, Kifaransa, Kihispania, Kireno na wadogo zao wote waliozaliwa na Kilatini kisha wakasahauliwa milimani bila urithi. Kabla ya hapo nilikuwa kwenye kiwanda cha viatu, ambako mashine ilininyang'anya vidole viwili na tajiri akaninyang'anya kazi. Shule niliishia darasa la tano. Lakini hakuna mhitimu aliyetoka pale bila kupita mikononi mwangu, maana mabango yao nayatunga mimi.

Kwetu Veneto, kaskazini mwa Italia, mtu akipata shahada hatumpi mkono tu. Marafiki humbandikia ukutani bango refu la mashairi ya kumuumbua: wapenzi waliomkimbia, mitihani aliyoanguka, siku aliyotapika harusini. Anasimama mbele yake na shada la majani kichwani, anayasoma kwa sauti, na kila akikosea anakunywa. Kwa hiyo ikibaki wiki moja, mimi huzunguka kutafuta aibu.

Nives Dal Zotto nilimkuta maktaba, macho mekundu, kainamia ramani.

"Nives, mwanangu, nipe aibu moja nzuri. Ile ya kuchumbiwa na muuza vyura nimeshaiandika."

"Aibu yangu iko sura ya nne ya tasnifu yangu, mzee Olindo. Na haichekeshi."

"Niachie mimi niamue."

Akanionyesha ramani. Niliijua, nani asiyeijua? Miaka arobaini iliyopita Profesa Ermete Salvagno alipanda milima yetu kwa miguu akiwa na orodha ya maswali mia tisa, akachora ramani ya lahaja, kila kijiji nukta yake, iliyoipa idara yetu jina. Nukta ya arobaini na tatu ni Col Varna, kijiji cha Nives. Kwa mujibu wa ramani, watu wa Col Varna wanaongea kama watu wa bondeni. Wataalamu wakajenga hoja juu yake, kwamba walihamia kule wakitoka bondeni karne tatu zilizopita. Mimi mwenyewe nimepanga viti vya makongamano matatu juu ya uhamiaji huo.

"Hakuna aliyehama," Nives akasema. "Nimelelewa na bibi yangu. Hajawahi kuongea hivi hata siku moja."

Basi alikuwa amepanda kijijini na kinasa sauti, akauliza. Miezi mitatu wazee walimzungusha huku wakiziba midomo kwa viganja. Mwishowe wakautapika ukweli. Barua ilipofika kwamba profesa anakuja, anataka mwenyeji mwenye umri na meno yake yote ili maneno yatoke safi, kijiji kizima kilikaa kikao. Wenye meno hawakuwa na viatu, na wenye viatu hawakuwa na meno. Mgeni mkubwa vile unamwekaje mbele ya mchunga ng'ombe? Wakamkabidhi mwalimu wa shule, mtu wa bondeni, mwenye tai na meno thelathini na mawili, wakasema huyu ndiye mwenzetu wa kuzaliwa. Siku kumi na moja mwalimu akajibu maswali mia tisa. Wengine walipigwa marufuku kufungua kinywa.

"Profesa Bettiol anasema niitoe hiyo sura," Nives akasema. Bettiol ndiye msimamizi wake. "Salvagno amestaafu, lakini wamemwalika kwenye jopo. Nafasi ya kuendelea na utafiti ni moja, na anaipata mwenye alama zote, mia na kumi, na pongezi. Nikikosa, narudi kukamua ng'ombe."

"Na ukiitoa?"

"Nimeusaini uongo wa kwetu kwa mkono wangu."

"Mashine iliponikata," nikamwambia, "msimamizi alitaka niseme nilikuwa nimelewa. Nikakataa, nikafukuzwa. Mpaka leo nalala vizuri, ila siwezi kuhesabu mpaka kumi bila kuvua kiatu."

"Hiyo ni nasaha au mzaha?"

"Chagua mwenyewe."

Siku ya utetezi Col Varna ilishuka na basi zima, kofia mikononi. Bibi Santina, bibi yake Nives, miaka themanini na minne, akakaa safu ya mbele na mkoba magotini. Mimi nilisimama mlangoni.

Nives akaongea. Sura ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha akanywa maji, akaisema ya nne yote, bila kuipaka sukari. Bettiol akawa anatazama dari kana kwamba inavuja.

Salvagno alikuwa mwekundu, halafu akawa mweupe. "Binti, unasema nilidanganywa?"

"Nasema uliheshimiwa, Profesa. Heshima ndiyo iliyoharibu kazi."

Akawasha kinasa sauti. Sauti ya mwanamke ikajaa ukumbini, lahaja kavu ya mlimani ambayo ramani haiijui. Salvagno akasikiliza, penseli hewani.

"Ni nani huyu?"

"Aliyekupikia siku zote kumi na moja."

Bibi Santina akashindwa kuvumilia. "Ni mimi! Na ulikuwa huli, kijana! Ugali wangu wa polenta unaudonoadonoa kama kuku mgonjwa!"

"Wewe? Mama wa kahawa?" Salvagno akainuka nusu. "Lakini... niliandika daftarini kwamba mama mwenye nyumba ni bubu."

"Nilikatazwa! Siku kumi na moja, mimi! Marehemu mume wangu alisema hakuwahi kupata raha kama ile tangu anioe."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Salvagno hakucheka. Alivua miwani, akaifuta muda mrefu, hata kicheko kikaisha chenyewe.

"Jopo liandike," akasema. "Nukta ya arobaini na tatu nilikosea mimi, si kijiji. Nina nukta mia na ishirini, na sikumuuliza mwanamke hata mmoja. Walikuwa wananiletea kahawa." Akamgeukia Nives. "Hizo nyingine nani atakwenda kuziuliza upya?"

"Mimi, Profesa. Mkinipa nafasi."

"Peke yako? Na ile milima?"

"Njoo unibebee kinasa sauti."

"Nina miaka sabini!"

"Kwani kina uzito gani?"

Jopo likatoka, likarudi kabla sijamaliza kufungua madirisha. Mwenyekiti akasoma: mia na kumi kwa mia na kumi, na pongezi, kwa kauli moja. Watu wa mjini wakapiga makofi. Watu wa Col Varna hawakujua kwamba hupigwa makofi; wakasimama wote kimya, kofia vifuani, kama kanisani. Makofi ya mjini yakaona haya, yakanyamaza. Salvagno naye akasimama, akampa mkono Bibi Santina ili ainuke.

Mimi nilikuwa nimesimama tayari. Nikanyoosha mgongo.