Asilimia Mbili za Misri

Daktari Wagdi aliweka juu ya meza yangu kanzu iliyoviringishwa, akaikunjua, na ndani mkatokea mashine ya gemu.

"Nimeinunua Dubai wiki iliyopita," alisema. "Binti yangu kaicheza siku mbili tu, imezima. Shahinaz mwanangu, yule mjomba wako fundi bado yupo?"

Udaktari wake ulikuwa wa mdomoni. Kairo mwenye tai na sauti nene haombwi cheti. Miezi minane kabla ya hapo, huyo huyo ndiye aliyekadiria, katika ofisi yetu ya utafiti wa soko, kila nchi ya Kiarabu inanunua fungu gani la mashine hizo. Kampuni inayoziunda ilituambia wazi: Misri ikifika asilimia tano, karakana yake ya matengenezo ya Kairo itabaki. Isipofika, itafungwa. Mjomba Hilmi alikuwa fundi hapo kwa miaka kumi na mmoja.

Wagdi alihesabu makasha yaliyopita forodhani. Asilimia mbili. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja, kisha akaagiza sahani ya maharage ya ful.

Mimi nilikwenda mtaa wa Shubra, kwenye ukumbi wa gemu wa Hajati Awatif. Nilimuuliza mashine zake tisa amezinunua wapi, akacheka mpaka akajishika mbavu.

"Kununua hapa, mwanangu? Nne kaleta shemeji kutoka Kuwait, ndani ya blanketi. Tano zimetoka Jidda, na mahujaji. Nani apite na kasha forodhani, labda mwendawazimu!"

Nilipita kumbi kumi na nne, habari ni hiyo hiyo. Misri ilikuwa inacheza, Ghuba inaandikiwa mauzo.

Nilimpelekea Wagdi karatasi zangu. Hakuzigusa.

"Tuhesabu mablanketi sasa?" aliwauliza wenzangu, nao wakacheka, maana mchekeshaji ndiye aliyepanga likizo zao. "Weka sahihi kwenye ripoti, binti."

Nikaweka. Namdharau sana mtu yule, lakini kwa sahihi ile najidharau zaidi. Karakana ilifungwa kabla ya Ramadhani, na ukurasa wenye jina langu ukabandikwa mlangoni, mafundi wote wausome.

Sasa kanzu ilikuwa mezani kwangu, bado inanukia uturi wake.

"Forodhani hukuitaja?" nilimuuliza.

"Mimi mwendawazimu?"

Hata hakusikia alichokisema.

Niliipeleka kwa mjomba, ambaye siku hizi anatengeneza pasi na feni sebuleni kwake. Aliigeuza, akasoma kibandiko cha mgongoni.

"Hii ya Emirati," alisema.

"Ya Misri, mjomba."

Alinitazama kidogo, bila hasira.

"Basi ungeandika hivyo," alisema, akarudi kutafuta bisibisi yake ndogo.