Njia Iliyonyooka Mno

Kila Alhamisi saa nne asubuhi, ndege ya Tunis ilipokaribia, Lazhar alipandisha sauti ya redio garini mwake mpaka mwisho. Hakuwa kiziwi. Alikuwa mkaguzi wa njia za ndege katika kiwanja chetu kidogo cha kusini, kando ya ziwa la chumvi, na siku nzima alizunguka na gari la manjano akiokota mawe na kufukuza mbwa. Lakini rubani wa Alhamisi alikuwa Wajdi, mwanawe wa pekee, na kwa miaka mitatu sauti ile ya redioni ndiyo iliyokuwa fungu lake. Wajdi alizungumza na Sihem, binti aliyeongoza ndege kutoka mnarani, na Lazhar akasikiliza pembeni kama mtu anayenusa chungu cha jirani.

Kwenye redio ile kuna sheria mbili ambazo hata Lazhar mwenyewe aliwafundisha vijana. Unachoambiwa, ukirudie neno kwa neno, ndipo ijulikane umesikia. Na yasiyo ya kazi hayasemwi. Basi baba alikaa na kidole karibu na kitufe, wala hakukibonyeza.

Nini kiliwatenganisha? Asubuhi moja ya vumbi, Wajdi aliondoa ndege kwenye maegesho akaambiwa asimame kwenye mstari kabla ya barabara ya kurukia. Njia ya kutoka maegesho ilinyooka moja kwa moja, bila kona hata moja. Wajdi akaupita mstari bila kujua, akajikuta katikati ya barabara ya kurukia huku ndege nyingine ikishuka. Ile iliyokuwa ikishuka ikapaa tena. Mungu alisitiri, hakuna aliyekwaruzwa hata ukucha.

Lazhar aliyaona yote kutoka garini, akayaripoti. Hilo hakuna wa kumlaumu, ni kazi. Balaa lilikuwa mbele ya tume ya uchunguzi. Walimuuliza kama mstari ulionekana siku ile. Angeweza kusema ulikuwa umelika kwa mchanga, na kweli ulikuwa umelika kidogo. Lakini aliogopa watu waseme anambeba mwanawe. Akajibu, "Mstari ulikuwa ukionekana wazi. Rubani hakuangalia. Ni mzembe." Wajdi alikuwa amekaa kiti cha tatu kutoka kwake. Walimsimamisha kazi miezi minane, na aliporudi angani hakumwita tena baba.

Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu alikuja na mhandisi. Aliitwa Olfa, kijana wa mji mkuu mwenye viatu vyeupe visivyofaa mchanga wetu, na alikuja na viwango vipya vya njia za ndege. Alisimama pale pale kwenye maegesho, akatazama ile njia, akatikisa kichwa.

"Hii inafungwa, Ami Lazhar. Tunachimba nyingine yenye kona."

"Kona ya nini? Hii imetufaa miaka thelathini."

"Imewafaa au imewavumilia? Viwango vipya havitaki kabisa njia inayotoka maegesho ikaingia barabara ya kurukia moja kwa moja. Njia iliyonyooka mno inamlaza mtu, Ami. Anaenda tu. Ukimwekea kona, anapunguza mwendo, anageuza kichwa, anajua alipo."

"Na akipita mstari kwenye iliyonyooka? Si uzembe wake?"

Olfa alicheka kidogo, bila kujua habari ya Wajdi. "Zamani ndivyo tulivyosema. Ukishaona marubani wazuri wanakosea pale pale, unaacha kumtazama rubani, unaitazama njia. Huwezi kumchimbia mtu shimo halafu ukamwita kipofu."

Lazhar aliinama kama anayeokota jiwe. Hapakuwa na jiwe.

Nyumbani alimsimulia mkewe Mabrouka. Mabrouka alikuwa akikoroga mchuzi wa mlukhia, ule mweusi unaochukua nusu siku jikoni, chakula alichokipenda Wajdi tangu hana meno. Alikuwa akiupika kila Jumatano na kumpelekea mwanawe kwa mkono wa mfanyakazi wa mizigo.

"Sasa unaniambia mimi ya nini?" alisema. "Mimi sikumwita mzembe."

"Nimempigia simu. Hapokei."

"Naye alikutazama pale kwenye tume, akikusubiri useme neno. Ulipokea?"

"Mama Wajdi, niache nipumue."

"Pumua. Lakini ulimvunja mbele za watu, usitake kumuunga chumbani."

Hakulala vizuri siku nyingi baada ya hapo. Alimkumbuka Wajdi wa miaka saba akikimbia nyuma ya gari la manjano, akitaka aachiwe usukani. Alimtamani yule, alimtamani na huyu mkubwa mwenye mabega ya rubani, hata kama angekuja kumtukana.

Njia mpya ilikamilika mwezi wa tatu. Ile ya zamani ilipigwa misalaba mikubwa ya rangi, na Lazhar ndiye aliyeshika brashi. Agizo likatoka kwamba wiki ya kwanza kila ndege iongozwe na gari mpaka kwenye mstari. Alhamisi ilipofika, vijana wawili walijitolea kuendesha. Lazhar aliwatazama tu, wakaziacha funguo mezani.

Akatangulia. Kwenye kioo aliiona pua ya ndege ikimfuata na, juu yake, kivuli cha kofia nyuma ya dirisha. Walipofika kwenye kona alikata usukani taratibu, na ndege ikageuka nyuma yake, taratibu vilevile. Barabara yote ya kurukia ikajifunua mbele yao, mwanzo hadi mwisho, na mstari mpya ukiwaka kwa wekundu wa taa zake. Kipofu angeuona. Lazhar akasogeza gari kando, na ndege ikasimama pale ilipotakiwa.

Wajdi aliripoti mnarani kwamba amesimama.

Lazhar akabonyeza kitufe.

"Ndege ya Tunis, hapa gari la kuongoza. Njia ndiyo iliyokuwa na kosa. Hukuwa mzembe. Nilisema vibaya mbele za watu, na sasa nasema mbele za watu."

Mnara wote ulisikia. Zimamoto walisikia, na watu wa mizigo wenye redio zao kiunoni. Lazhar alihesabu pumzi zake, akafika ya tisa.

Ndipo sauti ikaja, ile ile ya kazi, ikirudia kama sheria inavyotaka, ila ilikatika mahali.

"Njia ndiyo iliyokuwa na kosa. Sikuwa mzembe." Ikatulia. "Nimesikia, Baba."

Sihem akatoa ruhusa ya kuruka kwa sauti ya mtu mwenye mafua. Lazhar aliitazama ndege mpaka ikawa nukta juu ya chumvi, kisha ikawa si kitu, naye bado anatazama.

Alasiri alipanda mnarani na fomu ya makosa ya redio. Sihem aliisukuma nyuma.

"Ami, mimi sikusikia chochote."

"Ulisikia. Mimi nilimwandika mwanangu, sembuse nafsi yangu."

Akaketi, na penye sheria ya yasiyo ya kazi akajaza mwenyewe kwa herufi kubwa: Mstari ulikuwa ukionekana wazi. Dereva aliuona, akauvuka.