Wapigaji Arobaini wa Mama Perpétue

Jumanne saa tatu asubuhi Mama Perpétue alikuwa akipepeta maharage mbele ya nyumba yake, zoni ya Juru, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, huku akimweleza jirani yake Angeline habari ya pampu ya maji. Alipotaja mnyororo uliokatika, fidla zikaanza. Wanaume arobaini wa suti nyeusi na tarbushi nyekundu walikuwa wameketi katikati ya mihogo, kwenye viti walivyokuja navyo, wakipiga muziki wa huzuni ya Kiarabu.

"Ni ba nani bale?" Angeline akauliza.

"Ni bale ba mu filimu yangu."

"Sawa. Basikanyage tu mihogo yangu."

Filamu ilipigwa mwezi uliopita. Kampuni moja ya video ya Mbarara ilikuja kuuliza watu shida zao, na Perpétue, mwimbaji wa kwaya, alijibu kama mtu aliyelelewa kanisani: salamu kwanza, shukrani pili, shida mwisho. Alishukuru kwa uzima, kwa wageni, hata kwa kamera. Ndipo akasema kwamba pampu ya Juru imekufa tangu Pasaka, na binti yake Eliane ameacha darasa la sita ili achote maji bondeni.

Huko Kamukuzi, mtaa wa Mbarara, Muhirwa, fundi wa kuunganisha picha wa kampuni hiyo, aliona mkimbizi bila muziki wa jangwa hahuzunishi. Nakivale haina jangwa, ina ziwa na mbu, lakini nani alimuuliza? Akaweka okestra pale pale shukrani zilipoishia, ikafunika maneno yote yaliyobaki. Watu waliitazama filamu wakalia sana. Habari ya pampu haikumfikia hata mmoja.

Tangu Jumanne hiyo, Perpétue akisalimu, okestra inaitikia "Amina". Akishukuru, inainamisha vichwa. Akigusa pampu tu, mpiga udi anakohoa, na haooo! Tena wapigaji nao hunywa maji. Walijipanga bondeni na madumu yao kwa adabu kabisa, arobaini wote, na Eliane aliyekuwa akirudi saa sita sasa akawa anarudi saa kumi.

"Munyamaze kidogo, nimalize neno moja," Perpétue alimsihi mkubwa wao, mzee mwenye kijiti.

"Tungependa, mama," mzee akasema. "Lakini ndivyo tulivyowekwa. Ukilalamika, tunaanza."

Onesphore, mwalimu wa kwaya, ndiye aliyepata akili. "Ile pompi uiingize mu shukrani," akamwambia. "Pale habapigake."

Alhamisi Perpétue akapanda taksi kwenda Mbarara. Okestra ikafuata juu ya lori la ndizi, viti vikiwa vimefungwa kamba. Afisa wa shirika linalotengeneza visima akampokea kwa mikono miwili.

"Nyabo, kaa chini. Mimi naona filamu yako. Bambi, pole! Mimi nalia sana."

Perpétue hakukaa. Alisimama kama mtu anayetoa ushuhuda.

"Bwana asifiwe!"

"Amina," ikaitikia okestra kutoka kwenye korido.

"Namushukuru Mungu juu ya uzima. Namushukuru juu ya pompi yetu ya Juru yenye kukatika munyororo. Namushukuru juu ya mutoto wangu Eliane, mwenye haende tena ku masomo juu ya kuchota mayi."

Mpiga udi alimtazama mkubwa wake. Mkubwa akatikisa kichwa. Kimya. Perpétue aliisikia sauti yake mwenyewe mpaka neno la mwisho.

Afisa naye alisikia kila neno. Alifungua faili, akatafuta ukurasa wa Juru, akaandika polepole: *Wanashukuru kwa pampu.* Akapiga muhuri.

"Hapana, baba, pompi imekufa..."

Fidla zikaanza, kinanda cha kanuni na filimbi za nai vikafuata. Afisa alitoa kitambaa akajifuta macho.

"Banange," akasema kwa huruma, akalifunga faili.

Ijumaa asubuhi Eliane aliteremka bondeni na madumu mawili. Okestra ilikwisha kuwahi. Mpiga dufu, mtu mwema, ndiye aliyekuwa wa mwisho. Alipomwona mtoto akarudi nyuma hatua moja, akampisha. Eliane akamshukuru, akawa wa arobaini. Kengele ya shule ililia kabla foleni haijasogea.