Maneno Mawili ya Chiriku

Mafundi wanaopima spika wana ugonjwa wao: hawawezi kusikia kitu bila kutaka kukirekebisha. Fundi wetu huyu, mwanamke wa makamo, alikuwa nao kuwashinda wote. Mwalike harusini, atasikia besi imezidi kabla hajamwona bibi harusi. Lakini kinyozi hajinyoi. Nyumbani kwa mama yake, alikoishi, palikuwa na kikasha kilichovuma vibaya mwaka mzima, naye hakukigusa.

Kikasha chenyewe kilikuwa cha kumkumbusha mama dawa za presha. Kiwanda alikofanya kazi kilivitengeneza kwa ajili ya wazee, na hiki kilikuwa cha kwanza kabisa, cha majaribio. Sauti iliyokuwa ndani ilikuwa ya kaka wa fundi, ambaye nyumba nzima ilimwita Chiriku kwa jinsi mdomo wake ulivyokataa likizo. Siku ya kurekodi Chiriku alitaka kuhutubia. Dada mtu akamkatiza, maana kumbukumbu ya kikasha ilikuwa ndogo mno. Basi akatoa maneno mawili tu: "Mama, saa ya dawa imefika. Kunywa na maji mengi." Haikupita miezi mingi gari likamgonga, akafa palepale. Nyumba ilinyamaza ghafla, kikabaki kikasha.

Kila asubuhi kikisema, mama aliitika kutoka jikoni, "Abee, baba, naja!" Kisha wakikaa kunywa chai alimpasha binti yake habari. Leo kaka yako kaniuliza nimelalaje. Kesho yake, kauliza goti langu. Siku nyingine, kasema nisimchekee sana yule fundi bomba, atanibambikia bei.

"Mama, hayo hakusema," binti alijaribu mara moja.

"Ulikuwepo? Anaongea na mimi, haongei na wewe."

Mama hakuwa amerukwa na akili. Mwanawe alimzika, na kaburi analijua. Ila daktari wa masikio alikwisha kueleza kwamba sauti nene anazisikia, nyembamba zimemtoka. Herufi kama s na f na t zilipotelea njiani, na kilichomfikia kilikuwa mvumo tu, mvumo wa Chiriku. Yaliyobaki alijijazia mwenyewe.

Hapo pangekuwa pa kuacha mambo yalivyo. Lakini asubuhi moja mama aliitika, akapiga soga na kikasha chake, na dawa asimeze. Kesho yake vilevile. Kizunguzungu kikamwangusha bafuni, akachubuka shavu. Binti akaogopa. Akajiambia kosa si la mama, ni la spika, na spika ndiyo kazi yake. Akakitia kikasha kwenye mkoba, akaenda nacho kazini.

Alikiweka katika chumba cha kupimia sauti, chenye kuta za sponji, mbele ya maikrofoni. Akakipigisha mlio mmoja mrefu unaoanza na unene wa ngurumo na kupanda hadi wembamba wa mbu, huku mstari ukijichora kwenye kompyuta. Mstari ulitoka na nundu kubwa upande wa sauti nene: plastiki ya kikasha ilikuwa ikitetema pamoja na spika. Baada ya nundu ukaporomoka: sauti nyembamba zilitoka hafifu mno. Hapo alipata jibu lake.

"Usiisukume sana," mwenzake wa meza ya pili alimwonya. "Spika yenyewe kama kifuniko cha chupa. Utaunguza koili."

"Nilizaliwa jana mimi?"

Alipima koili, ule waya wa ndani ya spika, inavyopata moto, akaiwekea amplifaya mpaka wa kujizuia. Akaikata nundu. Akaziinua sauti nyembamba kidogo kidogo, akisikiliza, akirudi nyuma, akiinua tena. Mwishowe akamwachia kaka yake aseme. Ile s ya "saa" ilitoka safi, na ulimi wake, na pumzi aliyovuta kabla ya "kunywa". Chiriku mzima mzima. Fundi alilia na vipokea sauti vyake masikioni, na mwenzake akajifanya anatafuta bisibisi. Aliporudi nyumbani alikuwa na furaha ambayo hakuwa ameipata tangu msiba. Alikuwa anampelekea mama mwanawe.

Asubuhi kikasha kikasema. Mama alisimama katikati ya chumba, kitambaa cha kufutia meza mkononi. Hakuitika. Akakiendea, akabonyeza kitufe cha kurudia. Akabonyeza tena. Na tena.

"Hivyo tu?" aliuliza.

"Ndiyo, mama. Unamsikia vizuri sasa?"

"Namsikia. Neno kwa neno." Akamgeukia binti yake. "Na jana? Na juzi? Alikuwa anasema haya haya?"

Uongo ulikuwa pale, mwepesi, na yeyote mwenye huruma angeuokota. Binti akautafuta mdomoni asiupate. Maisha yake yote alikuwa amelipwa kusema kifaa kinatoa nini.

"Haya haya, mama. Siku zote."

Mama alikaa. Kwenye mazishi alikuwa amejikaza kwa ajili ya wageni. Sasa alilia kwa sauti, shavu lenye mchubuko likilowa, na binti akapiga magoti mbele yake akilia naye.

"Vipimo vya zamani ninavyo," alisema. "Nakirudisha kilivyokuwa, mama. Leo hii."

"Utakirudisha kikasha. Na mimi utanirudisha wapi, mwanangu? Nimeshasikia." Alimpangusa binti yake machozi kwa kile kitambaa cha meza, taratibu, bila hasira yoyote. "Nionyeshe kinazimwaje. Dawa nitakumbuka mwenyewe."