Mikono Juu

Walituambia ni uhuru. Sasa serikali inamlipia kila mtoto, na fedha zinamfuata kokote mzazi atakakompeleka, shule ya umma au ya binafsi. Nilifurahi kama mjinga. Nikamvika binti yangu gauni jipya, nikampeleka shule ya binafsi iliyo ng'ambo ya barabara, yenye geti la umeme na maua yanayomwagiliwa hata mvua ikinyesha.

Mkuu wao alimwuliza mwanangu jina. Mwanangu ni kiziwi. Alimtazama midomo tu.

"Mama, mtoto kama huyu hatumwezi."

"Si tumeambiwa tuchague?"

"Mchague, ndiyo. Na sisi pia tunachagua."

Nikarudi zangu shule ya umma. Kule, nyuma ya stoo, kulikuwa na darasa moja la viziwi na mwalimu wao wa lugha ya alama, tuliyemwita Mama Vidole. Kabla yake mwanangu alikuwa akinivuta nguo na kulia, nami nabahatisha: njaa, tumbo, choo? Kwa Mama Vidole alipata maneno, hata ya kunisema mimi mwenyewe. Darasani kwao makofi hayapigwi. Mtu akifanya vizuri, wenzake wananyoosha mikono juu na kutikisa vidole. Mimi na wifi yangu, dada wa mume wangu, tulizoea kumpongeza hivyo hata mezani, akimaliza mboga zake.

Lakini wenye uwezo wa kuhama walihama, na fedha zikahama nao. Mwalimu wa hesabu naye akavuka barabara. Ndipo kamati ikatuita wazazi. Mwenyekiti hakuuma maneno: kilichobaki kinatosha mwalimu mmoja tu, wa hesabu au wa alama.

"Bila hesabu, hata hawa waliobaki wataondoka," alisema.

"Na viziwi wataenda wapi?" niliuliza.

Akajifanya anapanga karatasi zake. Wifi, aliyekaa ubavuni kwangu, akaninong'oneza, "Wifi yangu, usinichukie. Wangu ana mtihani mwaka huu."

"Na wangu ana nini?"

Akamgeukia mwenyekiti, aliyekuwa amesimama.

"Wanaotaka mwalimu wa hesabu, mikono juu!"

Ikapanda safu kwa safu. Wa wifi ulichelewa, lakini ulipanda. Katibu wa kamati alihesabu polepole, na waliokaa nyuma wakawa wanatikisa vidole asije akawaruka.

Binti yangu na wenzake walikuwa mlangoni wakitusubiri. Hakuna aliyewatafsiria kikao. Mama Vidole alikaa kwenye kona, mikono ameikalia. Nikaona uso wa mwanangu unachanua. Akainua mikono yote miwili, akatikisa vidole kwa nguvu zake zote. Wenzake wakamfuata.

Wifi akawaona. Alishusha mkono upesi, lakini katibu alikwisha kumhesabu.

Mwanangu akanijia mbio, akaniuliza kwa alama: wanampongeza nani?

Alama ya kwaheri naijua vizuri. Mikono yangu ilikataa kuitoa. Nikamjibu: mwalimu wako.

Akaenda kumkumbatia. Mama Vidole alimpokea huku analia, na mwanangu, kwa furaha, akatugeukia sote ukumbini, akatushukuru.